Elfu Tatu za Mwisho wa Mwezi

Mpwa wangu ana swali moja ambalo huniletea kila mwisho wa mwezi, mshahara wangu ukiwa haujapoa: "Mjomba, tunatoka?" Yuko kidato cha tatu, anaishi na mamake, dada yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu hapa Umoja, na kwake yeye kutoka si kwenda kula chipsi na kuku. Ni kwenda kutazama kitu. Filamu, mchezo wa kuigiza, ngoma, mradi taa zizimwe na watu wanyamaze. Nilimwekea mpaka: shilingi 3,000 kwa watu wawili, nauli ikiwa ndani. Nilidhani mpaka huo ungetufungia milango mingi ya Nairobi. Umefunga michache mno. Kiingilio cha karibu kila ukumbi tuliokwenda kilitosha ndani ya elfu tatu. Pesa zetu zilimalizwa na vitu visivyoandikwa kwenye tiketi, na kikubwa kati ya hivyo ni saa ya kurudi nyumbani.

Bei ninazozitaja hapa ni zile zilizotoka mfukoni mwangu katika muda wa mwaka mmoja hivi. Kumbi hubadilisha bei, na filamu mpya inayogombaniwa haiuzwi sawa na iliyokwisha kutazamwa na kila mtu, kwa hiyo zichukue kama kipimo tu.

Nauli ndiyo msingi wa hesabu yote. Kutoka Umoja hadi mjini mchana wa wikendi tunalipa shilingi 50 kwa kichwa. Kurudi jioni ni 80 au 100. Mvua ikinyesha, kondakta hutaja bei akiangalia mawingu. Saa nne usiku huitaja akiangalia uso wako.

Nianze na sinema, maana ndizo rahisi kuhesabu. Nyingi siku hizi zimo ndani ya majumba ya maduka: Prestige iko Ngong Road, Century Cinemax ina kumbi Junction, Garden City na Sarit, na Anga iko Diamond Plaza kule Parklands. Mambo hayakuwa hivi. Muulize yeyote aliyekulia Nairobi miaka ya themanini, atakutajia Odeon, Cameo, Kenya Cinema, Nairobi Cinema, Shan ya Ngara, na ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari kule Bellevue, Mombasa Road. Leo Odeon ni jina la steji ya matatu na Bellevue ni mahali pa kushukia. Shan imekuwa Sarakasi Dome, nyumba ya wanasarakasi na wacheza ngoma. Kwa mtu wa Eastlands kama mimi mabadiliko hayo yana bei yake. Zamani ulishuka mjini ukatembea kwa miguu hadi mlangoni. Sasa ukishuka mjini unatafuta matatu ya pili ya kukupeleka kwenye jumba la maduka, na hiyo ya pili inalipwa kwenda na kurudi, vichwa viwili.

Jumamosi moja tulikwenda Ngong Road. Tiketi zilikuwa 700 kila moja, jumla 1,400. Nauli ya kwenda, matatu mbili mbili, ilikuwa 220. Ya kurudi, giza likiwa limeingia, 360. Kisha bisi. Ndoo ya kati na soda mbili zikatoka kwa shilingi 900, na mpwa wangu, ambaye si mtu wa kunyamaza, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma ya foleni, "Mjomba, bisi ni ghali kuliko filamu!" Hakukosea sana. Jumla ikawa 2,880. Bisi na soda peke yake zilikula karibu theluthi.

Si ujanja wa wenye sinema tu. Kila tiketi inayouzwa, sehemu kubwa yake huenda kwa msambazaji wa filamu, hasa wiki za mwanzo filamu ikiwa mpya. Kinachobaki kwa mwenye ukumbi hulipa kodi ya jengo, umeme na wafanyakazi. Bisi hazina msambazaji. Mahindi ya shilingi chache yakipasuka yanakuwa ndoo nzima, na pesa yote ni yake. Ndiyo maana mlangoni watakukagua mkoba na kukuambia chakula cha nje hakiingii. Ukishalielewa hilo, uamuzi unakuwa mwepesi: kula kabla. Siku tulipokula ugali na sukuma kwenye kibanda kwa shilingi 300 wawili, tukaingia sinema tumeshiba, mpwa wangu hakuzikumbuka bisi hadi filamu ilipokwisha.

Njia nyingine ya kupunguza ni siku na saa. Baadhi ya sinema hushusha bei siku moja ya katikati ya wiki, na maonyesho ya asubuhi na mchana huwa na viti vingi vitupu. Kwa mwenye mtoto wa shule, hiyo ina maana likizo: Jumanne ya Agosti saa tano asubuhi ina filamu ileile ya Jumamosi usiku, kwa bei ya chini na bila kichwa cha mtu mrefu mbele yako. Filamu za 3D mimi niliziacha. Unalipia zaidi, wakati mwingine unalipia na miwani, na baada ya nusu saa unaivua usugue pua. Siti za kifahari za kujilaza nazo ni za mtu aliyechoka. Mwenye hamu ya filamu atakaa popote.

Kama unapima kwa saa, filamu za Kihindi hazina mpinzani. Diamond Plaza huonyesha nyingi, na filamu ya Kihindi ya kawaida hukaribia saa tatu, ina mapumziko katikati, nyimbo, vita, harusi na mazishi, vyote kwa tiketi moja. Mpwa wangu hajui Kihindi hata neno, anasoma tafsiri chini ya skrini, na moja ya hizo ndiyo filamu pekee aliyotoka analia.

Wenye watoto waangalie pia alama ya Bodi ya Kuainisha Filamu kabla ya kulipa. GE ni ya watu wote, PG inataka mzazi awe karibu, kisha kuna 16 na 18, na hizo mbili ni sheria. Tuliwahi kurudishwa mlangoni kwa filamu ya 18, mpwa wangu akiwa na miaka 16 na urefu wa mtu mzima. Msichana wa mlangoni alikuwa na adabu na alikuwa na haki. Nauli ya siku ile ilikwenda bure kwa sababu sikusoma bango.

Sinema inakupa hakika. Umeona vionjo, umesikia watu wakisema, kiti kina nambari, na taa huzimwa saa iliyoandikwa. Jukwaa halikupi hakika hiyo hata kidogo, na ndipo penye raha yake na hasara yake.

Ukumbi wa taifa, Kenya National Theatre, uko Harry Thuku Road, mkabala na hoteli ya Norfolk, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulifunguliwa 1952, wakati wa ukoloni, na mwaka 2015 ulifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa. Faida yake ya kwanza kwa mtu wa matatu ni kwamba hauhitaji matatu ya pili. Unashuka mjini, unakatiza Jeevanjee, unavuka University Way, umefika. Kwa watu wawili hiyo ni akiba ya shilingi mia mbili na zaidi ukilinganisha na Ngong Road.

Tiketi za vichekesho vya Heartstrings, kundi lililozoeleka zaidi kwa watu wa Nairobi, tulilipa 1,000 kila moja. Michezo mikubwa ya muziki, yenye bendi, wacheza ngoma na mavazi ya kila rangi, hupanda hadi elfu mbili na kuendelea, na hapo elfu tatu zetu hukwama mlangoni. Tofauti hiyo ina sababu ukiitazama kwa macho. Kichekesho kina waigizaji sita, sebule moja, kochi moja na mlango wa kugongwa. Mchezo wa muziki una watu thelathini jukwaani, na kila mmoja wao anakula mchana wa mazoezi.

Nisimulie siku mbili za michezo, maana hapo ndipo nilipojifunza hesabu ya saa. Mara ya kwanza tulikata tiketi za saa kumi na mbili u nusu jioni, katika ukumbi ambao sitautaja. Saa moja tulikuwa bado tumesimama nje. Saa moja na nusu milango ikafunguliwa, mtu akaomba radhi kwenye kipaza sauti, na mchezo ukaanza saa mbili kasorobo. Ulikuwa mzuri, sikatai. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini tulitoka saa nne na nusu, mjini matatu za Umoja zikiwa chache na watu wengi, nami nina mtoto wa dada yangu mkononi. Tuliita teksi kwa simu: shilingi 750. Piga hesabu: tiketi 2,000, nauli ya kwenda 100, teksi 750, jumla 2,850, na hatujatia kitu mdomoni tangu mchana.

Mara ya pili tulichagua Jumapili saa tisa alasiri. Kundi lilelile, tiketi bei ileile. Kwenda 100, kurudi saa kumi na mbili, jua bado lipo, 160. Jumla 2,260. Zikabaki 740, tukanywa chai na sambusa tukiwa tumekaa, tukijadili kama yule mume wa kwenye mchezo alistahili kusamehewa. Kundi moja, bei moja, mchana na usiku, na tofauti ni karibu shilingi 600. Hakuna punguzo la tiketi nililowahi kupewa Nairobi linalofikia hapo. Tangu siku hiyo huanza kwa kuuliza ratiba ya mchana; bei baadaye.

Kuna ninaowasikia wakilalamika kwamba shilingi elfu kwa mchezo ni nyingi, mbona sinema ni mia saba. Hebu tuchukue ukumbi mdogo wa viti 100. Ukijaa kabisa, kwa elfu moja kila kiti, kundi limepata 100,000 usiku huo. Toa kodi ya ukumbi, taa, mabango, mwandishi, mwelekezi, wiki za mazoezi, kisha gawa kinachobaki kwa waigizaji. Na ukumbi haujai kila usiku. Filamu hutengenezwa mara moja ikauzwa duniani kote; mchezo hutengenezwa upya kila jioni, mbele ya watu mia tu. Phoenix Players, waliokuwa Professional Centre pale Parliament Road tangu miaka ya themanini, walicheza msimu baada ya msimu na walikuwa na watazamaji wao waaminifu. Walifunga 2017, wameelemewa na kodi ya nyumba. Nilikuwa naingia pale nikiwa mwanafunzi, na kila nikipita Parliament Road bado macho huinuka kutafuta bango.

Lugha ni jambo ambalo walinganishaji wa bei hulisahau, nami nadhani ni sehemu ya bei. Michezo mingi ya watu wazima Nairobi ni ya Kiingereza kilichonyunyiziwa Sheng na Kiswahili pale penye kichekesho. Hata Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyozimwa kijijini Kamĩrĩĩthũ 1977 na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, ilifika kwenye jukwaa la taifa Mei 2022 na kuchezwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, mtazamaji akichagua. Kwa Kiswahili kitupu, mtu mzima wa Nairobi ana nafasi chache ajabu, tukizingatia kwamba hii ndiyo lugha anayoitumia kupatana bei ya nyanya.

Isipokuwa setibuku, vitabu vya fasihi vya shule. Hapa ndipo mpwa wangu alipogeuka mwalimu wangu. Darasani wanasoma Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Kabla yake waliotangulia walisoma Kigogo ya Pauline Kea. Yapo makundi ya waigizaji ambayo kazi yao ni kuziweka tamthilia hizi jukwaani kwa wanafunzi, wakizunguka shule kwa shule na kukodi kumbi mjini. Shule huleta mabasi mazima. Lakini ukifika mlangoni na mwanafunzi wako na nafasi ikiwepo, utaingia. Sisi tulilipa 300 kila mmoja, Jumamosi asubuhi, nauli 100 kwenda na 100 kurudi. Shilingi 800 kwa kila kitu. Sijawahi kuona watazamaji kama wale. Mwigizaji akianza sentensi, ukumbi mzima unaimalizia. Akikosea, wanamsahihisha, kwa upendo lakini bila huruma.

Kwa thamani ya shilingi, ningeiweka juu ya yote niliyotazama mwaka huu, nikiwa na malalamiko mawili. Yapo makundi yanayokimbiza mchezo kana kwamba basi linawasubiri nje, matukio yanakatwa, na mwigizaji mmoja anavaa kofia tatu kuwa watu watatu. Na sauti: ukumbi wenye wanafunzi mia kadhaa hauwezi kutegemea koo la binadamu. Kaa mbele, hata ikibidi ufike saa moja kabla.

Bure nayo ipo, na haiko mbali. Alliance Française iko Loita Street na Goethe-Institut iko jirani, Monrovia Street, kiasi kwamba unaweza kutoka moja ukaingia nyingine kabla chai haijapoa. Serikali za Ufaransa na Ujerumani zina mkono katika vituo hivyo, na ada za masomo ya lugha nazo huchangia, kwa hiyo kiingilio hakibebi mzigo wote. Maonyesho ya picha ni bure, filamu mara nyingi ni bure, matamasha ya muziki mengine bure na mengine ya kulipia. Gharama yetu siku ya filamu ilikuwa nauli tu, shilingi 260 kwenda na kurudi. Viti havina nambari, anayechelewa husimama. Filamu zenyewe si za kila mtu. Kuna moja ya Kijerumani, ya mzee na mbwa wake, ambayo mpwa wangu aliitazama kwa dakika ishirini, akalala, akaamka majina ya waigizaji yakipanda. "Mbwa alikufa?" aliniuliza. Nikamwambia hapana. "Basi sikukosa kitu."

Kumbi za mbali kidogo nazipita haraka. Braeburn, Gitanga Road, na Jain Bhavan, Loresho, huwa na michezo na muziki wa hali ya juu, lakini zimekaa mahali pa watu wenye magari. Ukiwa na gari na maegesho yakiwa ndani ya ua, utafurahi kuliko yule anayezunguka katikati ya jiji akitafuta nafasi. Kwa watu wa matatu, usiku unaishia kwenye teksi, na teksi ya kutoka Loresho hadi Umoja ni tiketi ya tatu.

Bomas of Kenya ni mlinganyo tofauti. Iliundwa na serikali 1971 kuhifadhi ngoma na makazi ya jamii za nchi hii, na ukumbi wake wa mviringo una viti 3,500. Ngoma huchezwa alasiri, na hilo, kwa hesabu yangu ya saa, ni alama kubwa. Matatu za Rongai, 125 na 126, hupita mlangoni. Bei ya raia iko chini mno ya bei ya mgeni, na ya mwanafunzi iko chini zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho na kadi ya shule. Bila hivyo unabishana dirishani huku ngoma zimeanza. Mwenye watoto wa miaka mitano au sita hatapata mahali pazuri zaidi: wanaruka juu ya viti, wanacheza kwenye ngazi, na hakuna anayewanyamazisha. Vijana wa kidato cha tatu huchoka ngoma ya nne. Lakini piga simu kwanza. Mwaka 2025 serikali ilizindua ujenzi wa kituo kikubwa cha mikutano katika uwanja huo, na si vizuri kusafiri hadi Lang'ata kutazama winchi.

Na Umoja kwenyewe? Nyuma ya soko kuna kibanda cha video, mabati juu, mabenchi chini, pazia jeusi mlangoni. Shilingi 20. Wakati wa mpira bei hupanda. Filamu ni za kupigana, na sauti si ya mwigizaji bali ya DJ Afro au wanaomuiga, akifasiri, akichekesha, akimpa mwanakung'fu jina la mtaa. Hakuna mahali Nairobi ambapo watu hucheka kwa nguvu kama mle. Kwa shilingi 3,000 ningeweza kumpeleka mpwa wangu mara sabini na tano, sote wawili, bila nauli. Sijampeleka. Moshi wa sigara ni mzito na mabenchi ni ya wanaume. Isitoshe, nakala nyingi zinazochezwa mle hazikununuliwa kwa aliyezitengeneza, na ikiwa filamu ni ya Kenya, kama Supa Modo au Nairobi Half Life, basi shilingi yangu ishirini haifiki kwa mtu yeyote aliyeichapia kazi. Filamu za hapa zikifika kwenye sinema hukaa siku chache. Ukisikia ipo, nenda wiki ya kwanza. Ya pili huenda imeshaondolewa kupisha mashujaa wa kuruka angani.

Sasa namna ya kulipa, kwa sababu hapa watu wanaibiwa. Karibu kila tiketi ya Nairobi huweza kulipwa kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe, na anayelipa mapema mara nyingi hupata bei nafuu kuliko anayefika mlangoni. Kabla hujathibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ni jina la kampuni au kundi unalolijua, endelea. Kama ni jina la mtu binafsi na tangazo ulilipata kwenye kikundi cha WhatsApp, simama. Ujumbe wa tiketi wenye alama ya kusomwa kwa mashine usimtumie rafiki "aone tu". Mashine huisoma mara moja, na anayetangulia mlangoni ndiye mwenye tiketi. Hayo nimeyaona kwa macho: vijana wawili, picha moja ya simu, bawabu mmoja amechoka.

Mwulize pia muuzaji atafanya nini onyesho likiahirishwa. Mimi nilinunua tiketi mbili za tamasha kupitia mtandao mmoja wa kuuza tiketi, nikalipa na ada yao ya huduma juu, tamasha likasogezwa wiki tatu mbele, hadi siku ambayo mpwa wangu alikuwa na mtihani. Pesa ya tiketi ilirudi baada ya barua pepe nne. Ada ya huduma haikurudi. Sinema hazinipi shida hiyo. Onyesho moja likiharibika hukupa la saa inayofuata.

Mwezi huu uamuzi alifanya mpwa wangu. Aliandika kwenye karatasi ya nyuma ya daftari lake la hesabu, safu mbili: tiketi na "mengine". Sinema ya Garden City ilianguka kwa sababu ya matatu ya pili. Filamu ya bure ya Goethe ilianguka kwa sababu ya mzee na mbwa. Zikabaki mbili, setibuku ya Jumamosi asubuhi na kichekesho cha Jumapili saa tisa kwenye ukumbi wa taifa, na akagundua kwamba 800 na 2,260 zinajumlika kuwa 3,060.

"Mjomba, sitini tu," alisema.

Nimelipa zote mbili Jumatano usiku, majina nikiyasoma herufi kwa herufi. Sitini zile zitapatikana Jumapili: tutatembea kutoka ukumbini hadi steji bila kusimama kwa chai, na kama kondakta atataja 80, nitamwambia jua bado halijazama.